Regulata Isiyo na Makuu

Jina lake kwa ukamilifu ni Bi Puliza binti Fundi Viraka, mjukuu wa Mama Pasi, na mtu asikudanganye kwamba hayo ni majina ya utani. Ya utani ndiyo yale yaliyoandikwa kwenye vyeti, maana hayo hakuna anayeyaitikia.

Mama Pasi, bibi yake, alinyoosha nguo za mtaa mzima kwa pasi ya mkaa, na haikuwahi kutokea cheche yake itue kwenye shati la mtu. Fundi Viraka, baba yake, aliziba mipira ya baiskeli. Mafundi wengine walitia mpira kwenye beseni la maji wakatafuta mapovu kwa macho. Yeye alifumba macho akatega sikio. Alikuwa akisema tundu lenyewe huongea, shida ni watu kupiga kelele. Naye Bi Puliza, alipomaliza darasa la saba, akaanza na stovu za kupampu, akapanda hadi majiko ya gesi, na kutoka hapo akaingia kwenye kazi ya majini bila kulowa hata ukucha. Ukiutazama vizuri, ukoo mzima umeishi kwa pumzi.

Hilo la Puliza alijipatia mwenyewe. Kitu chochote ukimpa, kabla hujamaliza kueleza kina shida gani, ameshakipuliza. Siku ya harusi yake, mbele ya wazee wa pande zote mbili, aliipuliza pete kwanza ndipo akaivaa. Mama mkwe alidhani ni uchawi. Kumbe ni kazi tu.

Mume aliyempata ni Mzee Kokoto. Aliitwa hivyo tangu ujana kwa sababu akiingia majini huzama kama kokoto, ila yeye hurudi. Siku aliyokuja kujitambulisha, Fundi Viraka alimuuliza kazi yake.

"Mimi ni mzamiaji, mzee wangu."

Fundi Viraka alikuwa amesikia habari za wanaojificha ndani ya meli za watu, na wale wanaoingia harusini bila kualikwa wakala kuliko bwana harusi. Akaweka beseni chini taratibu. "Mzamiaji! Na unalisema hadharani, kifua mbele! Hapa kwangu umealikwa na nani?"

"Nimealikwa na binti yako."

"Basi nawe umezamia na yeye kazamia!"

Ilibidi Bi Puliza atoke ndani mbio kueleza kwamba ni mzamiaji wa kuzama kwenye maji, mwenye mtungi wa hewa mgongoni. Mzee akaridhika nusu. Nusu iliyobaki alikaa nayo mpaka alipomwona mjukuu wa kwanza.

Na hata jinsi kazi hii ya majini ilivyomfikia Bi Puliza ilikuwa ni kwa kutoelewana. Kokoto alimuuliza siku moja, "Unaweza kutengeneza regulata?" Akajibu, "Regulata ndiyo chai yangu ya asubuhi, ilete." Yeye aliwaza regulata ya jiko la gesi. Kokoto akatoa kwenye mfuko kidude chenye kichwa cha shaba, mpira mrefu na kinywa cheusi. Bi Puliza akakigeuza, akakipuliza, akatafuta kinakaaje kwenye mtungi wa jikoni, akakuta pale mwishoni pana alama za meno.

"Hii ya kwenu inang'atwa?"

"Inang'atwa. Hewa ya mtungini ina nguvu, ukiifungulia mdomoni inakupasua mashavu. Kichwa kinaipunguza ukali, mpira unaileta, kinywa kinakupa kadiri unavyovuta."

Bi Puliza akaifungua palepale juu ya ungo wa mama yake. Ndani ya kichwa akakuta pistoni moja, springi moja na pete za mpira za kuhesabika. Akaangua kicheko. Stovu ya kupampu ilikuwa na vikorokoro zaidi ya hivyo, na stovu haijawahi kumshinda. Tangu siku ile akaamini jambo moja, na alilirudia miaka nenda miaka rudi kila alipokaa kwenye meza yake ya kazi, nyuma ya nyumba, mipira ya regulata ikining'inia kwenye kamba moja na mashuka: "Nionyesheni springi iliyoharibika wakati haimo."

Sasa ndiyo tufike kwenye lile lililotokea.

Kikundi cha Mzee Kokoto kilikuwa na kazi ya kusafisha chujio kwenye bwawa la maji ya mji. Chini kule, kwenye mdomo wa bomba kubwa, kuna nondo zilizosukwa kama dirisha la benki, na kila baada ya muda magugu na mifuko ya plastiki huziba pale, mji mzima ukabaki unafungulia bomba linakoroma. Pampu zikizimwa, wazamiaji wanashuka kuondoa takataka kwa mikono. Kwa mikono, kwa sababu macho hayasaidii. Maji yale ni meusi tii, ukinyoosha mkono kiganja huaga.

Na safari hii aliyekuwa ashuke kwa mara ya kwanza ni Kitinda, binti yao wa mwisho. Alikuwa amemaliza mafunzo, amefuzu, mkuu wa bwawa amemkubali. Nyumba haikukalika kwa furaha. Kitinda alitembea sebuleni na mapezi miguuni, akiangusha stuli. Mzee Kokoto alimsimulia kila mpita njia, hata wale waliouliza njia tu. Bi Puliza alicheka nao, lakini usiku na mchana alikuwa na swali moja kifuani: mwanangu atang'ata nini kule gizani?

Maana regulata za zamani zilikuwa zimefikia umri wa pensheni. Zilikuwa nzuri, ila pete zake hazitengenezwi tena, naye Bi Puliza hakuwa mtu wa kuchonga pete kutoka kwenye kandambili pale anapojua pumzi ya mtu ipo hapo. Kikundi kikakutana uani. Wakakubaliana kununua mpya, na mnunuzi awe mdogo wake Mzee Kokoto, Shemeji Punguzo. Huyu ni mtu ambaye hata akinunua kiberiti huomba aongezewe njiti.

"Fundi, tununue za namna gani?" wakamuuliza Bi Puliza.

Yeye wakati huo alikuwa ameinama juu ya jiliwa, anabana kichwa cha regulata, pete ya mpira kaishika kwa meno. Akajibu bila kuinua uso: "Zote aina moja. Na ziwe rahisi!"

"Rahisi!" wakaitikia wote.

"Rahisi mno!" akaongeza, pete mdomoni.

Shemeji Punguzo akaondoka akiruka kama mwanakondoo. Maisha yake yote hajawahi kutumwa kazi inayofanana naye kiasi kile.

Alirudi na boksi kichwani na uso wa mtu aliyefunga bao. Wakakusanyika. Akatoa ya kwanza, nyekundu kama pilipili. Akatoa ya pili, kijani, ina kifundo cha kuzungusha huku na swichi kule. Ya tatu ina kioo kinacholia pii, pii. Ya nne ni ya rangi ya dhahabu, na hiyo ilikuwa na kila kitu, vifundo vimeipanda kama uyoga. Hakuna hata mbili zilizofanana.

Bi Puliza alishika ile ya dhahabu kwa vidole viwili. "Shemeji, hiki ni cha nini?"

"Cha kulegeza."

"Na hiki?"

"Cha kukaza."

"Na hiki cha ubavuni?"

"Hicho tumepewa bure."

"Shemeji! Mimi nilisema rahisi."

"Na ni rahisi! Zunguka dunia nzima hupati rahisi kuliko hizi. Mwenye duka alikaribia kulia."

Bi Puliza akaibwaga ile ya dhahabu mezani. "Nilisema rahisi," akafoka, "sikusema rahisi!"

"Sasa hapo ndiyo umetufafanulia, mama," akasema mmoja wa wazamiaji, na ua mzima ukapasuka kicheko. Watu walijishika mbavu. Kitinda aliegemea ukuta na mapezi yake akateleza mpaka chini. Bi Puliza naye alitaka kukasirika ila kicheko kikamwahi, alicheka huku anapiga meza na ngumi, akisema, "Rahisi ya kutumia! Rahisi ya kufungua! Rahisi, rahisi, yaani isiyo na mambo mengi! Wewe umeniletea rahisi ya mfukoni!"

Lakini kicheko kilipopungua, jambo lenyewe lilibaki limekaa pale katikati ya ua. Kushuka ni keshokutwa. Wazamiaji wameshazipenda zile rangi. Na Mzee Kokoto, mtu mzima wa mvi, alikuwa ameshajivika ile ya dhahabu shingoni, anajitazama kwenye kioo cha dirisha.

"Mke wangu," akasema akigeuza shingo, "tusiwe watu wa kale. Mbona zinapumulika? Kitinda ashuke na ile ya kijani, inamfaa."

Bi Puliza akaacha kucheka. "Inamfaa na nini? Na viatu vyake?" Akafunga mikono kifuani. "Hashuki na kitu nisichokielewa kikilia. Kama inapumulika, ipumulike hapa hapa mbele yangu."

"Mwenye duka kasema kikilowa hakirudi dukani," Shemeji Punguzo akaingilia haraka.

"Basi tulowanishe moja. Hiyo ya huyo bwana harusi. Anavyojitazama nayo, hata ikiwa kavu hairudi."

Nyuma ya nyumba kuna tangi la saruji la maji ya mvua, kina chake kinamfika mtu kifuani. Mzee Kokoto akapanda na mtungi wake mgongoni, dhahabu mdomoni, akawapungia mkono watu kama mgombea. Ndipo Bi Puliza akavua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga macho mumewe barabara.

"Hiki cha nini tena?"

"Hiki ndicho bwawa. Au wewe kule chini huwa unawasha taa ya sebuleni? Zama. Nikigonga tangi, punguza hewa."

Akazama. Mapovu yakapanda vizuri, bubu-bubu-bubu, na Shemeji Punguzo akaanza kutikisa kichwa kwa kiburi. Bi Puliza akagonga. Chini kule mkono wa Mzee Kokoto ukapapasa kifundo cha kwanza, ukaenda cha pili, ukarudi, ukagusa kile cha bure.

Loo! Tangi lilichemka. Hewa ilimwagika kwa mlio wa treni, maji yakaruka juu, kioo kikaanza pii-pii-pii, na Mzee Kokoto akaibuka kitambaa kimemshuka puani, regulata inampiga shavu huku na huku kama samaki hai, naye anazungusha kila kinachozunguka na kila anachozungusha kinaongeza.

"Funga, Baba, funga!" Kitinda alipiga kelele.

"Kipi?"

"Chochote!"

"Nimeshafunga vyote!"

Upande wa pili wa ukuta, jirani yao, mama mwenye huruma na sikio zuri, alikuwa amesikia neno regulata siku nzima. Aliposikia na mlio ule, akaunganisha mwenyewe. "Gesi! Gesi inavuja! Zimeni majiko!" Na kabla mtu hajamjibu, ndoo ya maji ikapita juu ya ukuta kuja kuokoa maisha.

Shemeji Punguzo aliiona ikija. Hakufikiri. Alijirusha juu ya boksi akalilalia kama kuku anayeatamia, maji yote yakaishia mgongoni mwake, na zile regulata nyingine zikabaki kavu kama zilivyotoka dukani. Watu walilala chini kwa kicheko. Kuna mzamiaji alitambaa mpaka mlangoni kwa kukosa nguvu ya kusimama.

Kitinda, machozi ya kicheko yakimtiririka, akaenda kwenye kamba ya mashuka, akachukua mojawapo ya regulata za zamani, akafumba macho, akaigusa: kinywa, kitufe kimoja cha kupulizia, basi. Hakuna cha kukosea. Akafumbua macho akamtazama baba yake aliyekuwa bado anapambana na dhahabu.

"Baba, mimi nataka ya kama hii. Ninapokuwa gizani sitaki kuulizwa maswali."

Mzee Kokoto akafunga mtungi wenyewe, na ukimya uliofuata ulikuwa mtamu. Akafikicha shavu. "Zirudishwe," akasema. Kisha kwa sauti ndogo, "Hii yangu imelowa, basi tena."

Lakini zirudishwe, mwenye duka akaombwe nini? Hapo ndipo neno lilipoadimika. "Nikisema rahisi atanipa hizi hizi," Shemeji Punguzo alilalama, akikamua shati. Mmoja akasema aombe nyepesi. "Atampimia kwenye mizani," Bi Puliza akakataa. Mwingine akasema za kawaida. "Za kawaida siku hizi ndizo zenye pii-pii." Mwingine, aliyesoma riwaya, akasema sahili. Shemeji akasema hilo hawezi kulitamka mbele ya mwenye duka bila kuonekana anaomba mchumba.

Kitinda akapiga makofi. "Mama, si unataka isiyo na makuu?"

Wote wakageuka. Bi Puliza akalionja lile neno kama anayeonja chumvi. Mtu asiye na makuu wanamjua: hana majivuno, hana mbwembwe, ukimwita anakuja. "Hiyo hiyo," akasema. "Kamwambie nataka regulata isiyo na makuu."

Na mwenye duka, Shemeji alisimulia baadaye, hakuuliza mara mbili. Alipanda ngazi, akafuta vumbi, akashusha maboksi ya kijivu ambayo hakuna aliyeyatazama tangu yapangwe. Kichwa kimoja, kinywa kimoja, kitufe kimoja, zote mapacha.

Bi Puliza alifungua mojawapo mezani watu wakitazama. Pistoni moja, springi moja. Alizipokea kama ndugu waliotoka safari. Akamweleza Kitinda: "Sikiliza, mama. Hewa ikikaribia kuisha, hii inakuwa nzito kuvuta. Huo si ubovu, inakuambia panda. Na ikiharibika, aghalabu huharibika kwa kumwaga hewa, haikunyimi. Ikimwaga usiing'ang'anie na usibane pumzi. Vuta hewa kidogo pembeni mwa mdomo, panda polepole. Ukifika juu ndipo tutaigombeza."

Siku yenyewe, pampu zilizimwa, wakashuka baba na mwana, kila mmoja na kamba yake. Shemeji Punguzo alishika kamba ukingoni. Bi Puliza alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso kwenye mapovu, watu wakidhani anasinzia. Alikuwa amefumba macho anasikiliza, kama baba yake. Mapovu ya Kokoto aliyajua, yalikuwa mazito, ya mzee. Ya Kitinda yalikuwa madogo, yanakimbizana. Takataka zikaanza kuelea juu: mifuko, magugu, kandambili moja.

Kisha mapovu madogo yakabadilika. Yakawa mengi, hayapumziki, shaaaa. Bi Puliza alisimama, ndoo ikabiringika, kiatu kimoja kikaingia bwawani.

"Nimvute, shemeji? Nimvute?"

"Usithubutu! Mtoto si ndoo ya kisimani. Anajua kupanda." Alisema hivyo, lakini mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa shemeji kwa kucha.

Mapovu yakasogea, polepole, polepole kweli kama alivyofundishwa, mpaka ukaonekana mpira wa kijivu, kisha kichwa cha Kitinda kimevikwa magugu kama wigi, na baba yake kamshika kiuno. Regulata inamwaga hewa, naye anavuta kidogo pembeni, macho yanacheka. Akafika ukingoni, akaitema.

"Mchanga, Mama! Umeingia kwenye kinywa chake. Imekasirika lakini haijaninyima!"

Bi Puliza alinyoosha mkono kuipokea. Kitinda hakumpa. Alifunga mtungi, akafungua kifuniko cha kinywa kwa vidole vyake vilivyolowa, akatazama ndani, akasuuza kwa maji safi ya chupa. Kisha, kabla ya kurudisha kifuniko, akaweka midomo akaipuliza.

Shemeji Punguzo alipiga ukelele wa furaha. "Jamani! Puliza wa pili!"

Akafungulia mtungi. Kimya. Akavuta pumzi, ikaja. Akashuka tena kumalizia chujio, na baada ya hapo mji mzima ukawa unafungulia bomba na maji yanatoka bila kukoroma, wala hakuna aliyejua kuna mtu aliyevaa wigi la magugu kwa ajili hiyo.

Jioni, uani, Bi Puliza aliketi na kiatu kimoja. Akavuta droo ya meza, akatoa spana yake ndogo, ile iliyolika mpaka ikawa na umbo la kidole chake. Akaiweka mbele ya Kitinda. Kisha akaweka na ile regulata ya dhahabu.

"Kuanzia leo za kikundi utafungua wewe, zote, mimi nitapuliza chai yangu. Na uanze na hii. Toa kifundo hiki, na hiki, na hicho cha bure. Ukikuta kitu ambacho kikikosekana mtu bado anapumua, kitoe. Usiniletee mpaka iwe haina makuu."

Kitinda akaipokea spana kwa mikono miwili, akaipuliza. "Na baba je?"

Mzee Kokoto alikuwa mbele ya kioo cha dirisha, anajaribu miwani ya kuzamia aliyopewa na Shemeji Punguzo, ya zambarau, yenye manyoya.

"Huyo niachie mimi," akasema Bi Puliza. "Nilimfungua zamani, bado sijamaliza kutoa."